Mkono wa Kushoto wa Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na mimi nimeamriwa kuandika. Binti yangu ameweka daftari juu ya meza, kalamu juu ya daftari na mtoto juu ya mkeka, kisha akaondoka kwenda kiwanda cha mikate kama bosi aliyekwisha kugawa kazi. "Baba, andika kila anachofanya kwa mikono. Wifi atapita Jumatano kusoma." Huyo wifi yake ni dada wa mkwe wangu, mwalimu wa chekechea, na kwa mtoto ni shangazi. Mkwe mwenyewe yuko mbali anajenga barabara, harudi mpaka mvua ziishe. Mimi nimekuwa fundi saa kwa miaka thelathini na minane. Wiki iliyopita upepo uliondoka na paa la kibanda changu, basi wakakaa wakaamua kwamba sina kazi. Saa za watu, kumi na moja kwa idadi, ziko kwenye boksi sebuleni zinasubiri mikono yangu, lakini hiyo inaonekana ni burudani ya mzee.

Mtoto, mjukuu wangu wa kike, ana miezi kumi. Namwita Mkaguzi kwa sababu hashiki kitu bila kukigeuza, kukinusa na kukitilia shaka. Leo alichofanya kwa mikono ni kunivua miwani mara sita. Nimeandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Miwani mara nne.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi amefika na gunia la takataka. Sitii chumvi. Trei za mayai, makopo ya maziwa, vibanio vya nguo, chupa za plastiki, boksi la viatu lililotobolewa, na matambara yaliyofungwa ncha kwa ncha. Mwanamke ananuka gundi na mdomo wake haulali. Amenieleza kwa saa nzima kwamba mtoto akidondosha kibanio ndani ya kopo anajifunza kuachia, akivuta tambara kutoka kwenye boksi anajifunza kushika, na akibandua kipande cha utepe kwenye meza anatumia kidole gumba na cha shahada kama kibano. Ananieleza mimi habari za kibano. Mimi ambaye nimeshika kibano tangu yeye hajazaliwa.

Kisha akapiga magoti akaanza kuchungulia chini ya meza yangu ya kazi.

"Babu, hizi skrubu zitamuua mtoto."

"Skrubu zangu hazijawahi kumuua mtu."

"Kitu chochote kinachopita kwenye kibomba cha karatasi ya chooni kinapita kooni mwake. Zifagie, au meza ihamie chumbani."

Katika nyumba yangu mwenyewe. Nimehamisha meza, kwa sababu nilimwona Mkaguzi akiziangalia zile skrubu kwa jicho la fundi, na roho ikanienda juu. Sikumwambia Shangazi kwamba amesema kweli. Tayari anajisikia vya kutosha.

Ijumaa, 7 Machi

Vibanio. Nilidhani atavirusha. Alikaa navyo dakika ishirini, kimoja kimoja, akidondosha ndani ya kopo na kusikiliza mlio. Kila kimoja kwa mkono wa kushoto.

Nimetazama kwa makini. Kushoto, kushoto, kushoto. Hakuna shaka. Katika ukoo huu wote nilikuwa peke yangu na leo tumekuwa wawili. Nimefurahi mpaka nikajionea haya.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ndoo mbili chini ya paa linalovuja, na Mkaguzi anataka kuzikagua zote mbili. Tumebandua utepe kwenye meza. Anaingiza ukucha wa kidole cha shahada chini ya ncha, anabana na gumba, anavuta polepole. Nimefundisha vijana watatu kazi ya saa na hakuna hata mmoja aliyeanza na vidole kama hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Trei ya mayai na vifundo vya tambara. Kila shimo lake. Kushoto.

Jumatano, 19 Machi

Nina hasira na nitaandika hivyohivyo.

Shangazi alikuja mchana. Akakaa mkekani na mtoto, akampa kibanio upande wa kulia. Mkaguzi akavuka mwili mzima na kukichukua kwa kushoto. Shangazi akampa tena upande wa kulia. Akachukua kwa kushoto. Mara ya tatu Shangazi akaushika mkono wa kushoto, akautuliza juu ya paja la mtoto, akakileta kibanio upande wa kulia. Mtoto akaanza kulia.

Nikasema, "Uachie huo mkono."

"Nataka tu kuona kitu, Babu."

"Najua unachotaka kuona. Uachie."

Akauachia. Akasema, "Mimi sina neno na kushoto. Ninachosema ni huu wa kulia. Haufunguki vizuri, na mtoto wa umri huu hajachagua bado, anatakiwa atumie..."

Sikumngoja amalize. Maneno hayo nayajua. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza naye alisema hana neno na kushoto, anachotaka ni kuuzoeza wa kulia tu. Aliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mgongo wa kiti kwa mkanda wa suruali yake, wiki tatu, mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nilijikojolea mara mbili kwa sababu sikuweza kufungua kaptula kwa wa kulia. Darasa zima lilicheka na yeye alicheka pamoja nao. Wema wote wa walimu juu ya mkono wangu wa kulia ulianza kwa sauti kama ya Shangazi, laini, ya mtu anayejali.

Nikamwambia, "Katika nyumba hii hakuna mkono wa kushoto utakaoshikwa wala kufungwa na mtu yeyote. Chukua mkoba wako."

"Babu, nisikilize kidogo."

"Nimesikiliza miaka sitini. Mlango ule pale."

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Niliona ameusahau, nikauacha ukining'inia pale pale.

Jioni nilimweleza binti yangu kwamba wifi yake ameanza kumsahihisha mtoto mkono. Sikuongeza mengine. Alikuwa amechoka hoi, unga mpaka kwenye nyusi. Anaijua habari ya mkanda. Alinishika bega akasema, "Basi Baba, nitamwambia apumzike kuja." Ndivyo inavyotakiwa.

Alhamisi, 20 Machi

Kimya. Hakuna gundi, hakuna mihadhara. Mvua tu.

Jumatatu, 24 Machi

Tumechana karatasi. Magazeti ya zamani. Mtoto mwingine angeshika kwa mikono miwili na kuvuta. Huyu anaing'ata karatasi kwa meno yake mawili, anavuta kwa kushoto, na inachanika. Hakuna aliyemfundisha. Nilicheka mpaka nikaweka bisibisi chini.

Alhamisi, 27 Machi

Boksi la matambara. Analibana kwa mguu na kuvuta tambara kwa kushoto. Kwa mguu, jamani. Nimemwonyesha mama yake aliporudi, naye akacheka akampiga busu kisigino.

Jumapili, 30 Machi

Jirani amekuja kuazima ngazi, akauliza kwa nini mtoto hatambai. Nikamjibu anatembea kwa makalio kwa sababu hataki kuchafua mikono, ni mtu wa kazi safi. Watu wana maswali.

Alhamisi, 3 Aprili

Kifurushi mlangoni, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Ndani mna kopo jepesi lenye kitambaa kilichosokomezwa humo, ncha imechungulia kwenye kifuniko. Na karatasi: "Babu, mpe hili. Usifanye lolote. Mtazame tu." Hana haya. Nimelisukuma kopo juu ya kabati.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Saa ya tano kati ya zile kumi na moja imekamilika. Mkaguzi ana jino la tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya kliniki. Nilimbeba mgongoni, maji ya barabarani yakifika kwenye vifundo vya miguu. Tulikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Muuguzi alimpima uzito, akampima urefu, akasoma maswali kwenye kadi bila kuinua kichwa.

"Anashika vitu?"

"Anashika kuliko mafundi."

Akaweka alama ya vema. "Anakaa?" Vema. "Anasogea?" Vema. Wa nyuma yangu alikuwa ameshamvua mtoto wake nguo. Nilitoka kifua mbele na kadi imejaa vema kama daftari la mwanafunzi bora. Nikajiambia ningekutana na Shangazi njiani ningeipeperusha mbele ya pua yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya mawe. Alilia, nikamwimbia, akalia zaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Sijui pa kuanzia. Nitaanza asubuhi.

Vibanio vimemchosha, trei imelowa, magazeti yamekwisha. Nikaliteremsha kopo la Shangazi kutoka kabatini, si kwa kumtii, kwa kukosa kingine. Nikaliweka mkekani, nami nikachukua kazi yangu ndogo, saa ya mkono ya kike, nikakaa mbali naye kidogo na sahani yenye ukingo ili skrubu zisitoroke.

Mkaguzi akaivuta ncha ya kitambaa. Kopo ni jepesi, kwa hiyo likamfuata. Akavuta tena, likabiringika. Akalifuata kwa makalio, akalipata, akavuta, likakimbia. Alijaribu kulibana kwa mguu, likateleza kwa sababu ni duara. Akainama kuling'ata, mdomo haukuenea. Akakaa akanitazama kwa hasira, uso umemwiva, akatoa sauti ya mtu anayedai meneja aitwe.

Nikamwambia, bila kufikiri, kama ninavyowaambia vijana wangu, "Si ulishike na mkono mwingine, mama."

Nilipokuwa nasema nilikuwa natazama kazi yangu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na bisibisi. Wa kulia ulikuwa umeishika saa, umeizungusha kidogo, umeiinamisha ili mwanga uingie. Wa kulia huo, ambao siutumii kuandika wala kula, ulikuwa unafanya nusu ya kazi, na umekuwa ukifanya nusu ya kazi maisha yangu yote. Mtu wa kushoto ana mikono miwili. Hili nalijua kama ninavyojua jina langu. Nilijua hata siku nilipocheka kwa sababu mtoto anachana karatasi kwa meno.

Niliweka saa chini, nikapiga magoti mbele yake. Mkono wa kulia ulikuwa pale ulipo siku zote, ubavuni, kiwiko kimejikunja, ngumi imefungwa. Nimeuosha kila siku. Nimeuvisha mikono ya nguo kila siku, na kila siku ulikuwa mgumu kupita kwenye nguo, na kila siku nililaumu nguo.

Nikaingiza kidole changu kwenye ngumi. Haikufunguka. Nilivikunjua vidole polepole kuanzia kidole kidogo, kimoja kimoja, kama ninavyofungua mfuniko wa saa iliyoshika kutu. Kidole gumba kilikuwa ndani, kimelaliwa na vingine. Kilipotoka nikaona kiganja. Kilikuwa cheupe na chenye unyevu, kikinuka kama kitambaa kilichosahauliwa majini. Kwenye mikunjo mlikuwa na nyuzinyuzi za mkeka na chakula kilichogandamana, cha juzi, labda cha wiki iliyopita. Kucha zilikuwa zimeacha alama nne nyekundu.

Mimi husafisha vumbi lisiloonekana kwa macho. Watu huvuka mji kuniletea saa kwa sababu hiyo. Na mtoto huyu nimekaa naye wiki sita, mchana kutwa, nikiandika kila anachofanya kwa mikono.

Nikaleta maji ya uvuguvugu nikasafisha kwa pamba. Alikuwa akitazama kiganja chake mwenyewe kwa makini sana, kama kitu ambacho kimeletwa kutoka nyumba ya jirani. Nilipoachia, vidole vikarudi vikajifunga, gumba likiwa ndani.

Nimerudi kusoma daftari hili. Kushoto, kushoto, kushoto. Kila mstari nilioandika kwa kujisifu unasema kitu kilekile na mimi ndiye mwandishi. Na tarehe kumi na tisa Machi mwanamke alisimama sebuleni kwangu akaniambia waziwazi kwamba wa kulia haufunguki. Nikamwonyesha mlango. Sikuwa natetea mkono wa mtoto. Nilikuwa natetea wa kwangu, uliofungwa miaka sitini iliyopita na mtu aliyekwisha kufa.

Alhamisi, 17 Aprili

Binti yangu aliporudi nilimfungulia daftari nikamwambia asome tarehe kumi na tisa Machi, halafu jana. Alisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Alisoma mara mbili. Kisha akaenda mkekani, akaufungua mkono wa mtoto, akaunusa.

"Ulinieleza amemsahihisha mkono," alisema.

"Ndiyo."

"Hukunieleza alichosema."

"Hapana."

Akambeba mtoto akaingia chumbani. Ningependa angepiga kelele.

Ijumaa, 18 Aprili

Hanisemeshi.

Jumamosi, 19 Aprili

Hanisemeshi. Maji ya chai ameniwekea. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

"Jumanne naomba ruhusa kazini," alisema. "Tunaenda kliniki wote."

Jumanne, 22 Aprili

Muuguzi yuleyule. Nilimweleza. Akachukua kadi akaisoma. "Mzee, mbona kila kitu ni vema hapa? Watoto hutofautiana. Mngojeni afike mwaka na nusu, kisha mrudi."

"Alama hizo uliweka bila kumgusa."

"Mzee, foleni ni ndefu."

"Naiona. Nimo ndani yake. Mfungue mkono."

"Mzee..."

"Mfungue mkono mtoto, kisha uniambie ningoje."

Nilisema kwa sauti ambayo binti yangu huionea haya. Nilimwambia nitakaa pale mpaka wafunge, na wakifunga nitakaa nje, na kesho atanikuta. Kwa mwezi mzima hasira yangu ilikuwa imekaa mahali pasipo pake, leo angalau niliipa kazi. Binti yangu hakuniambia nipunguze sauti. Alikaa kando yangu, mtoto mapajani, akamkunjua ile ngumi na kuiinua ili muuguzi aione. Muuguzi aliitazama. Akainuka akaenda kugonga mlango wa daktari wa watoto.

Daktari ni mwanamke mdogo kwa umri kuliko saa nyingi ninazotengeneza. Alimweka mtoto juu ya kitanda, akampa vitu huku na huku, akamgonga magoti, akamwinamisha mbele ghafla kuona kama ataitupa mikono yote miwili kujikinga. Ulitoka mmoja. Akasema upande wa kulia una udhaifu, mkono zaidi, mguu kidogo. Akasema huenda ni jeraha dogo kwenye ubongo, kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, atatuandikia vipimo. Hakuna mtu aliyelisababisha. Mtoto wa chini ya mwaka anatakiwa atumie mikono yote, na akishikilia mmoja tu mapema hivi, huo si uchaguzi, ni ishara.

"Utapona?" binti yangu aliuliza.

"Hautakuwa kama ule mwingine. Lakini unaweza kuwa mkono wa kusaidia, wa kushika na kubana. Ubongo wa umri huu unajifunza haraka, ndiyo maana kila mwezi una thamani. Nani aliona kwanza?"

"Shangazi yake," nilisema.

"Lini?"

"Tarehe kumi na tisa Machi."

Alitazama kalenda ukutani. "Mbona mmekuja leo?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na kalamu mkononi anataka kuandika jibu. Nikamwambia, "Mimi nilikataa kusikia." Akaandika kitu kifupi.

Alhamisi, 24 Aprili

Vipimo vimefanyika. Majibu yalikuwa kama alivyosema daktari.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda chekechea na mwavuli wa Shangazi. Watoto kama ishirini walikuwa sakafuni wakikamua sponji kutoka beseni moja kwenda jingine, na yeye katikati, amelowa mpaka viwikoni. Aliniona mlangoni akaendelea na kazi mpaka alipomaliza. Nilisimama nikingoja.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Nilisema tu, "Ulikuwa umesema kweli nami nikakufukuza. Nimekosa."

"Wifi amenieleza." Alijifuta mikono. "Umenikalisha nje ya mlango mwezi mzima, Babu. Nilikuwa nalala na ule mkono kichwani."

"Najua."

"Hujui. Nina hasira na wewe, sitaficha. Na nina hasira na mimi. Nilikuwa naweza kumwambia wifi moja kwa moja. Nikaogopa nitaonekana mchochezi, dada wa mume anakuja kutia kasoro mtoto wa watu. Nikatuma kopo, kama mtu anayerusha jiwe na kukimbia."

"Kopo lilifika."

"Lilikaa wapi mpaka likafika?"

"Juu ya kabati. Siku kumi na tatu."

Akatikisa kichwa. Mtoto mmoja alimletea sponji akaipokea akashukuru. Nilimpa mwavuli, akautazama, akaupachika kwenye msumari. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Miadi ya mazoezi ni lini? Nitakuja nanyi."

Jumatatu, 5 Mei

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni mwanamume mpana mwenye mikono mikubwa na sauti ya taratibu. Chumba chake kimejaa makopo, vibanio na trei za mayai. Shangazi alinitazama kwa pembe ya jicho, na hiyo ilikuwa haki yake.

Alitufundisha jinsi ya kuufungua mkono kuanzia upande wa kidole kidogo, bila kulazimisha. Vitu vya kuanzia viwe vikubwa na vyepesi: sponji, kitambaa kinachoning'inia, chupa tupu. Vya mikono miwili kila siku. Kisha akasema:

"Na kila siku, nusu saa, mtauvisha mkono wa kushoto soksi laini au glavu isiyo na vidole. Huu mzuri ukipumzika, ule mwingine utalazimika kujitokeza. Fanyeni mchezo, msimwache peke yake. Akinuna, endeleeni kucheza. Akilia kwa uchungu, mvueni."

Binti yangu na Shangazi waligeuka kunitazama kwa pamoja. Mtaalamu hakujua sababu.

"Nani anashinda naye mchana?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshona soksi kwa kitambaa cha pamba, kamba yake pana isimkwaruze. Imekamilika tangu saa nne asubuhi. Sijamvisha.

Jumatano, 7 Mei

Sijamvisha. Nimemwambia mama yake nimemvisha dakika tano. Huo ni uongo, na nauandika hapa kwa sababu nimeshaona uongo wangu unavyogharimu.

Alhamisi, 8 Mei

Shangazi alipita saa nne. Aliiona soksi juu ya meza, safi, haina hata kikunjo. Hakuhitaji kuuliza.

"Nimvishe mimi?" alisema. "Wewe uende ukatembee."

Niliwaza kukubali. Ningetembea mpaka kwenye kibanda, nikatazama paa jipya linalopigwa, nikarudi imekwisha. Nikamwambia hapana. Nikamwambia akae tu.

Nikamweka Mkaguzi mapajani, nikaushika mkono wake wa kushoto, ule wa fundi, nikauingiza kwenye soksi nikafunga kamba. Aliutazama. Akautikisa. Akajaribu kuivua kwa meno. Kisha akainua macho akanitazama, na mtazamo huo naujua kwa ndani. Ni wa mtu ambaye amefungwa na mkubwa aliyemwamini, na hajui amekosa nini. Midomo ikaanza kutetemeka. Akapiga kelele.

"Ni uchungu?" Shangazi aliuliza.

Nilimsikiliza. Hakuwa na uchungu. Alikuwa amekasirika, na hasira ni kitu ambacho mimi siwezi kukosea.

Nikavua soksi yangu ya mguu wa kushoto, nikaivaa mkononi, wa kushoto, nikamwomba Shangazi anifunge kamba. Mkaguzi akanyamaza kukagua. Alinusa soksi yangu akakunja uso, ana haki. Shangazi akaning'iniza kitambaa katikati yetu, nasi wawili tukawa tunakipiga kwa mikono yetu ya kulia, vibaya, yeye kwa ngumi na mimi kwa vidole vizito. Alinuna, akalia, akapiga, akanuna. Hakuna dakika iliyopita haraka, na hizo dakika nazijua kwa kazi. Alinitazama mara nyingi akiningoja nimfungue. Sikumfungua.

Naandika haya kwa mkono wa kulia, soksi ingali kwenye wa kushoto. Ndiyo maana herufi zinakwenda kama kuku. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza angeufurahia sana mwandiko huu, na jambo hilo linaniudhi kuliko mvua zote za msimu.

Dakika ya ishirini na sita kitambaa kilimwangukia kwenye ngumi ya kulia. Gumba likatoka nje. Vidole vikafunguka kidogo, vikafunga tena, na kitambaa kikiwa ndani. Akakivuta kuelekea kwake, akinitazama kwa hasira, hakutaka kukiachia.